Jina ya Papa mu kitabu ya komisaria

Bandugu, leo polisi ndiye amenijulisha Papa yangu.

Nilienda komisaria kuomba karatasi ya siku Papa alifungwa, wakati wa Zaïre. Kosa yake hakutuambiaka hata siku moja.

Nikasema: "Mutafute Mushagalusa, ni jina ya Papa." Ile wakati majina ya batizo ilikatazwa, si ndiyo?

Bakatafuta: hakuna.

Muzee mwenye kuchunga madosye, makaratasi ya zamani, akaniuliza: "Na jina ya batizo?"

"Joseph."

Iko pale! Imeandikwa: ameulizwa jina mara ine, amejibu Joseph mara ine. Kisha kashoo, chumba ya kufungia batu.

Papa yangu! Ule mupole, hata kuku inamufukuzaka! Na bapapa benu, balifichaka nini?

Nimefika nyumbani, nikamuita: "Papa Joseph."

Akaniuliza: "Kumbe waliiandika?"