Panya Aliyeingia Kwenye Posa Yangu

Nicheke tu jamani, maana aibu ile nimeibeba tangu miaka ya tisini na mume wangu mwenyewe hachoki kunikumbusha. Nilikuwa nalisha panya kwenye maabara moja ya utafiti, panya weupe waliozaliwa na kasoro, ini lao haliweki akiba ya vitamini A (mimi na wewe tukikosa mboga leo, ini linatoa ya akiba, wao hawana cha kutoa), kwa hiyo chakula kikiwa duni kidogo tu, giza likianza kuingia wanagonga kuta. Mmoja mdogo alikuwa auawe kesho yake, kazi yake imekwisha, nikamhurumia, nikamtia kikapuni nikaenda naye nyumbani Temeke.

Na jioni hiyohiyo watu wa Ramadhani, huyuhuyu mume wangu, walikuwa wanaleta posa. Anayeposwa haonekani, basi nikajibanza chumbani, sikio kwenye pazia, mara umeme ukakatika, napapasa kikapu, kitupu. Sebuleni shangazi yake Ramadhani akapiga ukelele.

"Jini! Jeupe, macho mekundu!"

Nikasahau kwamba ndiye mimi ninayeposwa. Nikatoka na khanga moja, kichwa wazi, nikatambaa katikati ya miguu ya wakwe nikilia, "Msimkanyage, haoni!"

"Zuhura! Rudi ndani!" mama akafoka.

"Nyumba inafuga majini hii," shangazi akasema kutoka juu ya kiti. "Posa yetu tunarudi nayo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akaleta chemli, tukaona wote wamesimama isipokuwa bibi yake Ramadhani, ametulia mkekani, panya mapajani mwake.

"Nani kanipa kitu laini hivi?"

"Shikamoo, bibi. Ni panya. Jioni haoni."

"Marahaba. Basi mwenzangu huyu. Mie magharibi ikiingia sioni kitu, nawaficha hawa wasije wakanifungia ndani."

Shangazi akashuka kitini polepole, akaenda kumshika mkono bibi, ndiye mama yake mzazi, machozi yanamtoka.

"Posa iacheni hapo," bibi akasema. "Aliyemhurumia huyu, mie hatanichoka."

Nimeapa, kazi haiji tena nyumbani. Bibi tulimpeleka hospitali, kumbe naye vitamini A ilimwishia, wakampa, macho yakarudi. Lakini mpaka anatutoka, kila magharibi alikuwa ananinyooshea mkono nimwongoze, nami namwongoza, na wote wawili tunajua kwamba anaona.