Siku Barafu Ilipoziba Gata

Mtu wa Kericho humwambii kitu kuhusu mvua ya mawe. Kwetu tuliyaokota uwanjani tukayatia mdomoni, huku wazazi wakiyalilia majani ya chai yaliyochanika. Kwa hiyo mvua hiyo ilipotupiga hapa ng'ambo, Mount Druitt, mwaka wa pili wa korona, mchana kweupe, sikuogopa. Nilitoka hadi baraza ya nyuma nikatabasamu kama mjinga. Mawe makubwa kama ndimu yalikuwa yanadunda kwenye nyasi na kugonga pipa la taka, na mimi nimesimama pale najiuliza kama ladha ni ile ile. Nikaokota moja lililoviringika hadi mlangoni, nikalionja. Ni ile ile.

Baba alitokea nyuma yangu na kofia yake ya sufu. Alikuwa amekuja kwa miezi mitatu tu, aone nilikoolewa na ninakofanya kazi. Ndege zikasimama, mipaka ikafungwa, na ile miezi mitatu ikawa mwaka na nusu. Akayatazama mawe, akabetua mdomo.

"Haya ni madogo," akasema. "Ya kwetu yangeua kuku."

Mzee wangu hakubali kushindwa, hata na mvua.

Mawe yalikoma baada ya dakika kumi, ikafuata mvua ya kawaida, nzito. Hapo ndipo nilipoona jambo nisilowahi kuliona. Yale mawe hayakuyeyuka. Yalikuwa yameteleza kwenye vigae yakajikusanya ukingoni, ndani ya gata, ule mfereji wa bati unaopokea maji ya paa, na yakashikana yakawa gogo moja jeupe la barafu. Pabaya zaidi palikuwa nyuma, paa la chumba cha baba linapokutana na paa la nyumba kubwa. Maji yalishuka kwa kasi, yakafika pale, yakakosa njia. Nikajiuliza, sasa yanakwenda wapi?

Jibu lilikuwa juu ya kitanda cha baba. Doa la rangi ya chai lilikuwa limeanza darini, na kila nikilitazama limeongezeka.

Mume wangu alikuwa kazini ghalani. Nikampigia ejenti anayetukodishia nyumba, nikapigiwa muziki. Watu wa dharura wakaniambia mtaa mzima unavuja, tusubiri zamu yetu, na mtu asithubutu kupanda juu. Nikalipiga picha lile gogo nikamtumia dada yangu aliyeko Minnesota, ambaye kila majira ya baridi hulalamikia barafu mpaka tumemzoea. Alikuwa zamu ya usiku hospitalini, akanijibu kwa ujumbe wa sauti, ananong'ona asiamshe wagonjwa.

"Wee! Hilo ni bwawa la barafu! Kumbe hata nyinyi mnalo? Sasa sikiliza. Barafu imeziba ukingo, maji yamejaa nyuma yake, na maji yakikosa njia yanarudi chini ya vigae yanaingia ndani. Usipande ngazi. Umesikia? Usipande. Na usigonge kwa nyundo wala shoka, utavunja paa lenyewe. Tafuta reki yenye mpini mrefu, usimame chini, tena kando, uvute kidogo kidogo. Angalia kwanza waya wa umeme uko wapi. Halafu una soksi ndefu za nailoni? Jaza chumvi, funga, irushe ilale juu ya hiyo barafu, ncha moja ielekee nje ya paa. Itachimba mfereji wa maji polepole."

Chumvi ndani ya soksi! Nilicheka peke yangu jikoni. Kwetu, jirani akiniona natupa soksi ya chumvi juu ya paa, kesho yake ningeitiwa kikao. Lakini nilitaka sana kuona kama ni kweli, nikaanza kuzitafuta zile soksi ninazovaa kanisani.

Nikiwa bado nafukua droo, nikasikia du! du! du! kutoka chumba cha baba. Nilijua ni nini hata kabla sijafika. Kwetu nyumba ni ya mabati, haina dari, na barafu ikilala juu unaigonga kwa chini na mpini wa ufagio, bati linatikisika, barafu inateleza. Baba alikuwa amesimama juu ya zulia na mpini wa mopu, anagonga kama yuko Kericho. Akasahau kwamba hapa kuna dari, na dari yenyewe ni jipsamu, ambayo ikilowa haina tofauti na mkate uliotumbukizwa kwenye chai. Mpini ukazama, na maji yakamwagika juu ya blanketi, juu ya mto, juu ya Biblia yake.

Nami nikafyatuka. Hasira zangu hazina breki, kila mtu kwetu anajua.

"Baba! Umefanya nini sasa? Si ukae tu! Hapa si kwako!"

Akauegemeza mpini ukutani, taratibu, usianguke. "Sawa," akasema. Mzee wangu akisema sawa kwa sauti ndogo namna ile, ujue si sawa hata kidogo. Nilijisikia vibaya papo hapo, lakini maji hayakunipa nafasi ya kuomba radhi. Nilizima umeme kwenye swichi kubwa, nikaweka ndoo, nikakusanya blanketi. Nilipotoka nje, mvua imepungua, nilikuta baba ameburuta ngazi kutoka bandani na kuiegemeza kwenye gata lenye barafu. Amevaa gambuti za mume wangu. Mguu wa kushoto uko kipandio cha kwanza.

Ngoja niseme kwa nini niliikimbilia ile ngazi. Mama alipomsindikiza baba kupanda ndege, alinipigia simu akaniambia, "Nimekuazima mzee wangu. Unirudishie mzima." Akawa anarudia maneno hayo kila Jumapili baada ya ibada, mwaka na nusu. Nami kazi yangu ni kutunza wazee. Wakati ule kila asubuhi nilikuwa namwogesha mzee mmoja ambaye alipanda ngazi kutoa majani kwenye gata la nyumba yake, akavunjika nyonga, na nyumba ile hakuiona tena. "Yalikuwa majani tu," hunieleza kila nikimkausha miguu. Baba yangu ana miaka sabini na mmoja.

"Baba, shuka."

"Nimetoa barafu juu ya mabati kabla hujazaliwa."

Na kweli niliamini hivyo. Utotoni, mawe yakikoma, mimi na dada tulikuwa bado tumejificha chini ya meza, na juu yetu tulisikia hatua za mtu kwenye mabati, na sauti ya baba ikiamrisha: kushoto, vuta, polepole. Nililala siku nyingi nikijivunia baba anayetembea juu ya paa. Sasa nilikuwa nimeikumbatia ngazi yake kwa mikono miwili ili asiende juu, na yeye hashuki.

"Nampigia mama," nikasema.

"Mpigie."

Kericho ilikuwa asubuhi, mama ametoka kukamua. Nikamweka kwenye spika, nikamweleza haraka haraka, nikamwambia amkataze mzee wake. Nilitegemea apige kelele. Mama alicheka. Alicheka mpaka akakohoa.

"Baba yenu? Apande paa? Huyo huyo? Huyo akipanda kiti kubadilisha balbu mimi humshika suruali!"

"Mama, si ndiye alikuwa akipanda sisi tukiwa wadogo?"

"Aka! Nilikuwa napanda mimi. Hata na mimba yako nilipanda. Yeye alikuwa chini ameshika ngazi, anapiga makelele."

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama kipandio.

"Mama watoto," akasema, "si lazima uyaseme yote. Umewekwa kwenye spika."

Akashuka. Ni kipandio kimoja tu, lakini alishuka kwa kushikilia pande zote mbili, na mguu ukapapasa nyasi mara mbili kabla hajakanyaga. Nikashangaa kuliko nilivyoshangaa mchana kutwa. Mtu huyu ameogopa kupanda juu maisha yake yote, na alikuwa anapanda! Kisa nini?

Sikuuliza. Nililaza ngazi kwenye nyasi. Waya wa umeme ulikuwa upande wa mbele, mbali nasi. Tukaifunga reki kwenye mpini wa kutolea utando wa buibui kwa utepe mpana, nikajaza chumvi kwenye soksi mbili, nikazirusha. Ya kwanza ilinirudia kichwani, na baba akajikaza asicheke, akashindwa. Ya pili ikalala vizuri kabisa, kukatisha gogo. Tukasimama tukiitazama. Baada ya muda, chini yake pakaanza kuzama mstari wa kijivu, halafu tone, halafu uzi wa maji. Wallahi soksi ya kanisani!

Nikaanza kuvuta kwa reki. Nilikuwa karibu mno na ukuta, sioni juu. Baba alirudi nyuma hadi uani, mikono kiunoni, akawa macho yangu.

"Kushoto. Vuta. Polepole. Acha hapo, chukua pembe. Rudi nyuma, rudi, inakuja!"

Niliruka. Pande la barafu zito kama mfuko wa unga likaanguka pale pale nilipokuwa nimesimama. Na sauti ile ya baba, haki ya Mungu, ilikuwa ile ile niliyoisikia chini ya meza. Kumbe sikudanganywa na masikio. Alikuwepo kweli, ila alikuwa chini, na mama hakuwahi kuanguka.

Jioni dari liliacha kudondosha. Dada akatuma ujumbe mwingine: lile tundu la mopu limetuokoa, kwao hutoboa makusudi na kuweka ndoo, la sivyo dari zima humwangukia mtu. Nikampelekea baba chai, nikamwambia, "Dada anasema ulifanya vizuri. Nami nisamehe, Baba. Lile neno halikuwa zuri."

Akanywa kwanza.

"Neno lilikuwa kweli," akasema. "Hapa si kwangu. Ni kwa mkwe wangu, ananiheshimu mno. Nikiingia anasimama. Nikishika kikombe nikioshe, wewe unaninyang'anya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, si ndivyo tunavyosema? Mimi nimehesabu siku, binti yangu. Jembe sijapewa."

Kutwa kazini ninawahimiza wazee wa watu wafunge vifungo vyao wenyewe, na wa kwangu nimemkalisha kwenye kiti mwaka na nusu, kwa mapenzi.

Asubuhi, kabla sijaenda zamu, niliiegemeza ile reki mlangoni pake, na jembe kutoka bandani. Niliporudi, gata lote lilikuwa halina jani, amelisafisha akiwa chini, na kando ya ua ardhi ilikuwa imelimwa mstari mmoja ulionyooka. Miezi iliyobaki tulikula sukuma wiki ya baba. Vikombe aliosha yeye, na mume wangu akajifunza kubaki ameketi, japo kwa shida.

Mipaka ilipofunguliwa alirudi. Siku alipofika nyumbani, mama alinipigia kwa video, akamsimamisha mzee wake mbele ya simu, akamkagua kichwa hadi miguu.

"Nimemrudisha mzima?" nikauliza.

Mama akakamata viganja vya baba, akavigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye sugu zake mpya.

"Mzima," akasema.