Sauti ya Mama Watoto Katika Stoo ya Ndizi

Stoo yetu ya ndizi hapa Mitunguu siku hizi haina ndizi. Ina magodoro mawili yaliyosimamishwa ukutani, magunia yaliyojazwa majani makavu ya mgomba, na lile blanketi nililoletewa binti yetu wa kwanza alipoolewa, ambalo nilikuwa nimeliweka nizeeke nalo. Sasa limetundikwa mlangoni kuzuia kelele za kuku. Hiyo ndiyo studio ya binti yetu wa pili. Siku za kazi yeye ni karani mjini Meru, na Jumamosi anakuja kurekodi kwaya na matangazo ya watu wanaouza dawa za mbuzi. Mbuzi wa siku hizi wanaugua sana. Wa baba yangu walikuwa wanakunywa maji ya mto tu na wananenepa. Lakini sikuwa naongea juu ya mbuzi.

Nilikuwa naongea juu ya kisanduku. Ni cheusi, kama nusu mkate hivi, kina kitufe kimoja cha kuzungusha na taa ndogo nyekundu. Binti anakiita priamp. Kazi yake, vile nilivyoelewa mimi ambaye shule niliiachia darasa la tatu, ni kuchukua sauti ndogo kutoka kwa maiki na kuipa nguvu kabla haijaingia kwenye kompyuta. Alikinunua kwa kanisa moja lililokuwa limepata kikubwa zaidi, na bei yake haikufika ya beberu. Ingekuwa ni mimi naamua, ningekichinjia huyo beberu.

Ngoja nieleze kwa nini. Mama watoto alikuwa na uvimbe wa shingo. Akapasuliwa, akapona, nashukuru Mungu na nashukuru daktari, ambaye alikuwa ametuambia mapema kwamba sauti inaweza kupungua. Na ilipungua. Ilibaki kama upepo unaotoka kwa tairi ya baiskeli. Yeye ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo kanisani, sasa akawa anafungua mdomo tu kama wengine. Akitaka kuniita, anagonga sufuria. Nami naenda mara moja, hata majirani wanasema nimekuwa mtiifu uzeeni.

Kitu kilichomwumiza zaidi ni simu. Ana dada yake mkubwa aliyeolewa Siakago, na kila Jumapili walikuwa wanaongea mpaka chai inapoa. Baada ya kupasuliwa, yule dada alikuwa anasikia hewa tu. "Haloo? Haloo? Kwani umenikasirikia?" Kisha anakata. Mimi nilichukua simu nieleze, lakini nikianza kueleza napitia kwa maji ya shamba na bei ya mbolea, na salio linaisha kabla sijafika shingoni. Mwishowe simu ikilia, mama watoto anaiacha mezani na kwenda kuangalia kuku.

Basi binti akataka kurekodi hadithi zangu, wajukuu wasikie Kimeru. Nikakaa mbele ya maiki. Nikasema fisi alitoka kwake asubuhi, nikanyamaza.

"Endelea, Baba."

"Nitaendelea aje na hakuna mtu ameitikia?"

"Maiki inakusikia."

"Inasikia na haisemi kitu. Hata mbuzi hujibu."

Maana hadithi kwetu ni ya watu wawili. Mmoja anasema, mwingine anaitikia "ii" kila mahali maneno yanapokatika, ndipo unajua wamekufuata. Tukaita jirani. Huyo akawa anaitikia kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na katikati ananiuliza, "Huyo fisi alikuwa wa upande gani?" Tukiwa hapo, mama watoto akaingia akipangusa mikono, akamwonyesha jirani kwa kidole kwamba ainuke, akakaa yeye. Tangu watoto wakiwa wadogo, yeye ndiye wa kuniitikia. Nikaona midomo yake ikisema "ii", na hadithi ikatoka yote kama maji ya mfereji.

Lakini binti alipoirudisha tusikie, nilikuwa mimi peke yangu na mapengo ya kimya. Akaongeza sauti. Ikaja kelele kama mvua kwenye mabati, na ndani ya hiyo mvua mama watoto hakuwepo. Mwenyewe akavua hedfoni alizokuwa amevalishwa, akaziweka chini polepole, akaenda jikoni. Sikupenda vile alivyotembea.

Jumamosi iliyofuata binti akaja na kile kisanduku. Mama watoto akakataa kwa mkono. Nikamwambia, "Mimi sina hadithi bila wewe. Kaa tu, hata kama ni kunitukana."

Akanisogelea sikioni. "Nitakutukana nini ambacho bado?"

Akakaa. Binti akampa maiki yake mwenyewe, karibu na mdomo, akazungusha kitufe kidogo kidogo. Hakukifikisha mwisho, kwa sababu kikifika mwisho nacho kinaanza kuunguruma. Anakiacha pale mshale wa saa ungesimama saa nane. Nikasema hadithi yangu. Kisha tukamvalisha mama hedfoni.

Alisikiliza akiangalia magunia. Akainua kidole: rudisha. Akasikiliza tena. Halafu akanivalisha mimi, na nikamsikia. Pumzi kwanza, halafu "ii". Kulikuwa na moja aliyoitikia akizuia kicheko, na mahali pengine hakuitikia, alisema "si hapo", kwa sababu nilikuwa nimeruka sehemu ya kobe. Si sauti ya zamani, siwezi kudanganya. Ina mchanga ndani. Lakini ni yake, na mvua imeisha.

Nilidhani tutarudia sehemu ya kobe. Mama watoto akaivuta maiki kwake, akanitazama. "Toka."

Nikatoka. Alimwambia dada yake nini humo ndani, sijui mpaka leo. Binti aliituma hiyo sauti kwa simu, na tulipokuwa tunakula githeri jibu likaja, limerekodiwa vilevile: "Kumbe hujanikasirikia, wewe mtoto. Na mbona unapumua kama mtu anayepanda mlima? Sema tena. Sema ile ya mama na ule mkungu." Mama watoto alicheka mpaka mabega yakatikisika, akaweka sahani chini ili acheke vizuri.

Sasa kila Jumamosi anaanza yeye. Mimi na fisi wangu tunangoja nje, na nimepewa kazi ya kufukuza kuku wasikaribie mlango. Nikitega sikio kwenye lile blanketi sipati hata neno moja. Siakago wanasikia kila kitu.