Mama Akiita, Nani Atamsikia?

Kufikia saa tatu asubuhi, Gumba alikuwa ameshaiegemeza simu mahali patatu. Kwanza kwenye kopo la gundi. Picha ikamwonyesha kidevu tu. Kisha kwenye jiliwa la kubania mbao. Dirisha likawa mgongoni kwake, akaonekana kivuli kitupu. Kisha juu ya rundo la mbao. Simu ikateleza, ikaanguka kifudifudi kwenye maranda. Mwishowe alichukua kipande cha mbao, akakitia mfuo kwa patasi, akakipiga msasa, na simu ikakaa humo wima, mgongo umenyooka, kama mgeni rasmi. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini ambayo hakuna mteja aliyeiagiza.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Aliikunjua ili aseme.

"Ungekuwa unapiga simu kweli, sasa hivi ungeshamaliza. Wewe unaitengenezea simu kiti!"

"Mwanga lazima uwe mzuri."

"Mwanga ni ule ule tangu jua litoke. Sema unaogopa."

Wote wawili ni viziwi, na nyumbani kwao maneno hutoka mikononi. Hata jina Gumba lilianzia huko: kidole gumba kilichokunjwa, kwa sababu msumeno ulimla ncha ya kidole hicho wakati anajifunza ufundi. Viziwi wenzake walimpa ishara hiyo, wanaosikia wakaigeuza neno, naye akazoea kuliona jina lake kwenye midomo ya wateja.

Kwamba aliogopa, hilo hakulikana. Ilikuwa Alhamisi. Jumapili kaka yake mkubwa alikuwa anahama na familia yake, anakwenda kuishi ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Mama yao, mwenye miaka themanini na mkongojo, alikuwa anaishi kwa kaka huyo. Akishapandishwa ngazi zile, kushuka itakuwa ni kwa kubebwa. Gumba alitaka mama aje kwake kabla ya Jumapili.

Halikuwa ombi jipya. Kwa miaka mitatu alikuwa ameliomba mara tano, na kila mara alichora mstari kwa penseli ukutani, juu ya benchi. Mara zote tano aliyeshika simu alikuwa binti yake, ambaye anasikia. Binti aliweka simu sikioni, akamsikiliza baba yake mkubwa, akatulia kidogo, kisha akatafsiri. "Baba mkubwa anasema mlango wenu ni mwembamba, mkongojo wa bibi hautapita." Gumba akavunja fremu, akapanua mlango. "Anasema ngazi za mbele zitamwangusha." Gumba akatoa ngazi, akaweka mteremko wa mbao wenye vishikio pembeni. "Anasema kitanda kiko chini mno." Gumba akakipandisha kitanda. Kila sababu aliijibu kwa mbao, na kila alipomaliza kuijibu ilizaliwa nyingine.

Kuandikiana ujumbe hakukusaidia. Kaka yake ni mtu wa kujibu kwa neno moja, "Sawa," na sawa yake haijawahi kuwa sawa.

Sasa binti alikuwa amepata kazi mji mwingine. Kabla ya kuondoka aliweka kwenye simu ya baba yake huduma ya ukalimani: unabonyeza, mkalimani anatokea kwenye kioo, wewe unamwonyesha ishara, yeye anampigia unayemtaka na kukusemea kwa sauti, kisha anakurudishia kwa mikono kila anachosikia. "Safari hii piga mwenyewe, baba," alisema, na akageuka upesi kufunga begi lake.

Gumba alibonyeza. Kioo kikamwambia yuko wa tatu kwenye foleni. Alichonga penseli. Akawa wa pili. Akachonga penseli ya pili, iliyokuwa haijaisha ncha. Mkewe akamnyang'anya kisu.

Akatokea kijana mwenye shati jeusi, nyuma yake ukuta mtupu. Akaomba namba, akapiga, akafungua mdomo kujieleza. Mara mikono yake ikasema, "Anasema: sitaki kushinda chochote! Amekata."

"Piga tena," alisema Gumba.

"Anasema: nyie matapeli hamchoki? Amekata."

Mkewe Gumba alicheka mpaka akajishikiza kwenye benchi. Kisha akachukua simu yake mwenyewe akamwandikia mke wa shemeji yake: *Anayepiga ni mume wangu. Sauti ni ya mkalimani, maneno ni yake. Msikate.*

Wakasubiri jibu. Gumba alifagia maranda, akayamwaga, akagundua ameyamwaga palepale alipoyatoa. Jibu likaja: *Haya apige.* Akabonyeza upya. Foleni ikamweka wa tano.

Safari hii alitokea mwanamke wa makamo mwenye miwani, mikono yake mipole lakini yenye haraka. Akapiga. Gumba akasema, "Kaka, ni mimi."

Mikono ikarudi na jibu: "Mimi nani? Mdogo wangu ni mwanamume."

"Ni mimi kaka, Gumba. Sauti nimeazima."

"Haya. Basi dada, mwambie kwamba—"

"Usiniambie kupitia kwake. Sema na mimi, kama unaniona."

Mkalimani alingoja. "Sasa anasema: haya, sema."

Gumba alisema yote kwa mkupuo, maana alikuwa ameyarudia tangu Jumatatu. Ghorofa ya nne, ngazi sitini na nne, yeye mwenyewe alikwenda kuzihesabu. Magoti ya mama. Chumba kiko tayari, kinatazama uani. Mlango ameupanua, mteremko ameuweka, kitanda amekipandisha.

"Mlango gani?" kaka aliuliza.

"Huu uliosema ni mwembamba."

"Mimi? Mimi sijawahi kusema habari za mlango."

Gumba aliitazama mikono ya mkalimani kama mtu anayetazama kipimo na hakiamini. Mara mwanamke yule akageuza bega lake kidogo upande, ishara ya kwamba sasa sauti iko mbali na simu.

"Anaongea na mtu mwingine pale ndani," alionyesha. "Anasema: 'Sasa mimi nimwambieje huyu? Mama akianguka usiku, akiita, nani atamsikia? Wale wawili watamkuta asubuhi ameshakauka.'"

Watu wengi wanaopigiwa kwa huduma ile hufanya kosa hilo. Wanadhani kwa kuwa aliye upande wa pili ni kiziwi, ya pembeni hayafiki. Wanasahau kwamba masikio yaliyo kwenye simu ni ya mkalimani, na mkalimani hana ruhusa ya kuchagua.

Gumba aliondoka mbele ya simu. Akaenda hadi mlangoni, ule mpana, akarudi, akaenda tena. Kwenye kioo mkalimani alikuwa anapunga: *Sikuoni. Sikuoni.* Mkewe alimshika shati kwa nyuma, akamrudisha kama anarudisha droo.

"Umeona alichosema?" Gumba alimuuliza.

"Nimeona. Sasa mjibu. Au unataka kwenda kupanua mlango mwingine?"

Akakaa.

"Kaka, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba tutamkuta amekauka."

Mkalimani alionyesha hata pumzi: anavuta, anashusha. "Nilikuwa nimefunika simu," kaka alisema hatimaye.

"Mkono wako ni mdogo. Kaka, miaka mitatu napiga randa. Kwa nini hukuniuliza hilo?"

"Nimekuuliza! Kila mara nilimwambia mtoto wako. Nilimwambia, muulize baba yako, bibi akiita usiku itakuwaje. Na kila mara alinijibu, baba anasema atafikiria. Nikajua huna jibu."

Hapo Gumba alikiona tena kile kituo kidogo: binti amesimama pale penye jiliwa, simu sikioni, anatulia kabla ya kuinua mikono. Siku zote alidhani ni adabu ya kusubiri mkubwa amalize. Kumbe mtoto alikuwa anatafuta sababu ambayo baba yake angeweza kuitengeneza kwa nyundo.

Kabla hajasema neno, mkalimani alionyesha kwamba simu imechukuliwa. "Sauti ya mwanamke mzee. Anasema: 'Wewe mwanamke unayebishana na mwanangu, mwanangu mwingine yuko wapi?'"

"Ni mimi, mama. Dada huyu ananisemea."

"Ana sauti nzuri. Ameolewa?"

Kwa mara ya kwanza tangu simu ianze, mkalimani alitabasamu, akatafsiri, akaendelea: "'Mwanangu, umekula?'"

Gumba na mama yake walikuwa na ishara zao za nyumbani, labda mia moja: njoo, kula, mvua, acha, umekua. Sentensi nzima ya mama yake, yenye utani ndani, alikuwa hajawahi kupewa bila kupitia kwa mtoto.

"Nimekula, mama."

"Uongo. Sasa nisikilize. Huyu kaka yako anasema nani atanisikia. Jumanne niliita maji. Nikaita mara ya pili. Mara ya tatu nikagonga ukuta kwa mkongojo. Mwenye masikio yake mawili alikuwa anakoroma kama anapasua magogo. Nikaenda mwenyewe."

"Anaingilia," alionyesha mkalimani. "Kaka anasema: 'Mama!' Mama anasema: 'Mama nini? Nimesema uongo?'"

Mkewe Gumba alikuwa ameweka viganja vyote viwili mdomoni.

"Kaka," alisema Gumba, "tuna taa ya mlango. Mtu akibonyeza nje, ndani inawaka, hata kama tumelala tunaiona."

"Mtu aliyelala fofofo haoni taa."

"Nitaweka kitu cha kumwamsha hata maiti."

Mikono ya mkalimani ikasema, polepole kama mwenyewe alivyosema: "Jumamosi nitakuja kuona. Kuona tu. Nisiporidhika, tusirudie tena habari hii."

Simu ilipokatika, Gumba alimwandikia binti yake maneno manne: *Kwa nini hukuniambia kweli?* Jibu lilichelewa hadi mapumziko yake ya mchana. *Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliogopa mtagombana na bibi ndiye angeumia. Baada ya hapo nikakosa pa kugeukia. Nisamehe, baba.* Aliusoma amesimama, akausoma ameketi, akausoma tena huku anatembea. Hasira ilikuja, ikakosa pa kukaa. Alimwandikia: *Mlango umeshapanuka. Bibi yako atapita.* Kisha akaongeza: *Usinifanyie tena hivyo.*

Siku mbili zile hakupokea kazi ya mtu. Alifungua mashine ya msasa iliyoharibika, akatoa mota yake, akaifunga kwa parafujo chini ya kitanda chao. Akavuta waya ukutani hadi chumba cha mama. Mwisho wa waya aliweka kitufe kikubwa cha mbao laini, upana wa kiganja, pembeni mwa mto. Jaribio la kwanza halikufanya kitu. La pili lilimtupa mkewe chini.

"Mama anaita maji," alisema mkewe akiwa sakafuni, "wewe unaleta tetemeko!"

Akaipunguza nguvu, akaunganisha na taa juu ya vichwa vyao. Ijumaa jioni aliibonyeza mara thelathini na moja. Ya kumi na saba iligoma. Akabadilisha waya, akaanza kuhesabu upya.

Jumamosi gari la kaka lilifika saa nne kasoro. Kaka aliingia bila kukaa. Mama alipita mlangoni na mkongojo wake, nafasi ikabaki pande zote mbili, akamfinya Gumba shavu na kumfanyia ishara yao ya zamani: *umekonda, kula.* Gumba akaenda chumbani kwake, akalala chali, akafumba macho, akajifunika shuka usoni ili taa isimsaidie. Mkewe akabaki na kaka kwenye kitufe.

Kitanda kilitetemeka. Gumba alitokea kabla kaka hajaondoa mkono. Kaka akamrudisha, akabonyeza kwa kidole kimoja tu, kidogo, kama mgonjwa asiye na nguvu. Gumba akatokea. Mara ya tatu kaka alisubiri muda mrefu, akijifanya anatazama dirisha, kisha akabonyeza ghafla. Gumba akatokea na shuka kichwani.

Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kitanda kilichopandishwa, alimwambia mwanawe mkubwa jambo ambalo Gumba alilisoma midomoni bila shida: "Nenda na wewe ukalale, tuone kama utaamka."

Kaka alitikisa kichwa, akacheka kwa mabega. Akatoka nje. Gumba alimfuata hadi kwenye gari, bila kujua kama kaka ameridhika au anaondoka. Kaka akafungua buti. Ndani yake mlikuwa na begi la mama, kigoda chake cha miguu na mto wake wa zamani. Vilikuwa humo tangu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kubonyeza chochote.

Kaka hakumtazama usoni. Aliinua mkono mmoja, mzito, usiozoea, akafanya mbili kati ya zile ishara mia moja za nyumbani, alizozijua tangu wakiwa watoto na kuziacha zamani: *njoo, beba.*