Mashine ya Majani Iliyozimika Bila Kuagizwa

Ipo siku naikumbuka, mwanangu, na mpaka leo kichwa kinanizunguka nikiifikiria. Nilikuwa fundi kijana huko Kisaka, mjuaji kupita kiasi. Shangazi yangu Bhoke alikuwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mwalimu mmoja wa fizikia, mgeni kutoka Mbeya, alikuwa ameifungia chipu, kikompyuta kidogo cha kuiongoza: mkono ukikaribia kisu, kihisio kinauona na breki inashika papo hapo.

Mwalimu alipokwenda likizo aliniomba nibadilishe swichi. Swichi tu! Mimi nikafungua kompyuta nisome programu ya ile chipu. Nikasoma mstari kwa mstari, juu chini, chini juu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkono ukionekana, funga breki. Nikaingiza kijiti, breki ikashika. Ala! Nani kaiagiza? Nikaingiza tena, ikashika tena. Nikaona kama mashine inanicheka.

Mwanzoni mwa programu kulikuwa na mpangilio uliounganisha kihisio na breki. Sikuuelewa, nikaufuta. Nikaandika amri yangu: programu ndiyo itazame kihisio, kisha iamue. Nikajaribu kwa kijiti, ikashika. Nikaondoka napiga mluzi.

Siku ya tatu, shangazi akiwa analisha majani, programu ilikuwa inamtumia meseji kwenye simu kwamba mota imepata joto. Haikutazama kihisio mpaka ilipomaliza kutuma. Kisu kikachukua vidole vyake viwili.

Mwalimu aliporudi hakunifokea, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema, "Ndani ya chipu, kihisio kinaishtua breki chenyewe. Programu inaviunganisha mwanzoni tu. Baada ya hapo hata ikiwa na shughuli zake, breki itashika." Nikaitikia naam, naam, lakini wapi! Kazi inafanyikaje na programu, ambayo ndiyo mkubwa, haijui? Ilinichukua miaka kuelewa.

Nikaenda kwa shangazi, nikamwamkia shikamoo nikiwa nimeinama. Akaitikia marahaba.

"Mwita," akaniuliza, "kabla hujaitengeneza, ilikuwa imeharibika?"

Mwanangu, nikamwambia hapana, ilikuwa nzima. Kwa hiyo nakuomba: usichokielewa usikiondoe. Kaa nacho, kikuchanganye, kisha umuulize aliyekiweka, hata akikuona mjinga. Mungu aibariki mikono yako, na ailinde zaidi mikono ya wale wanaokuamini.