Kadi Mbili za Kaka Yangu

Andika kwanza, mjukuu wangu, kwamba baba yangu alizaliwa Pangani, ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, akawa mchoma chokaa mpaka kifua kikamharibika. Mama yangu alizaliwa Wete, kisiwani Pemba, akaletwa bara akiwa bibi harusi. Majina yao unayajua. Usiyaandike, kwa sababu hili si jambo la majina. Andika pia kwamba sikusoma. Ninachokijua nimekijua kwa kusikiliza na kwa kuuliza, na ukiona neno langu limepinda, uliache lilivyo.

Mama alikuwa mshika hazina wa chama cha kufa na kuzikana cha wanawake wa mtaa wetu. Kila mwanamke alileta alichonacho, mchele au shilingi, naye Mama alikitunza. Msiba ukiingia katika nyumba ya mwanachama, chama kilinunua sanda na kuwapikia waombolezaji. Alikuwa na sheria mbili ambazo hakuzilegeza hata kwa ndugu zake. Ya kwanza, mtu hali mara mbili kwa msiba mmoja. Anayepokea huku na kule amewadhulumu wenziwe. Ya pili, mtu akijitoa chamani hajitoi peke yake: amewatoa wote waliokuwamo kwa jina lake, wala harudi tena. Mimi na kaka yangu tulilelewa na sheria hizo kama watoto wengine wanavyolelewa na hadithi. Yeye aliishika ya kwanza kwa mikono miwili, akaiacha ya pili ikamponyoka. Hilo ndilo ninalotaka uliandike.

Kaka aliondoka Tanga akiwa kijana, mpishi wa melini, akashuka Marekani, akaingia kiwanda cha kusindika matunda ya makopo na akakaa humo mpaka alipostaafu. Uraia alipata. Mke alimchukua kwetu pwani, mzaliwa wa Mombasa, ambaye alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Huyo ndiye wifi yangu. Maradhi ya sukari yalimshika mapema, nayo yakaanza kumtambalia machoni; aliishi kwa sindano ya kila siku na kwa daktari wa macho.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mimi nilikuwa Guangzhou, huko Uchina. Nilikuwa mjane, nikinunua nguo za watoto katika mtaa wa Shisanhang na kuzipeleka Dar es Salaam katika kontena tulilochangia watu kadhaa. Nilipanga chumba Xiaobei, karibu na Tianxiu Dasha, jengo ambamo wengi wetu tuliotoka Afrika tulikuwa na maduka na mawakala wetu wa mizigo. Kaka alinifuata huko baada ya kustaafu, akitafuta vigae, mabomba na mapazia ya nyumba aliyokuwa akiijenga Tanga. Alilala chumbani kwangu, nyuma ya pazia la kanga, na mimi nilimpikia.

Jioni moja alinionyesha kadi zake mbili. Moja, yenye mistari myekundu na ya samawati, ilikuwa ya bima ya afya ambayo serikali ya Marekani huwapa wazee waliotimiza miaka sitini na mitano, wanaiita Medicare. Nyingine ilikuwa ya kiwanda chake, ambacho kiliendelea kuwawekea wastaafu wake bima. Aliziweka juu ya mkeka kama mtu anayeonyesha vitu alivyoviokota njiani na hajui mwenyewe ni nani.

"Mdogo wangu," alisema, "serikali imenipokea, na kiwanda hakijaniachia. Mtu mmoja, ugonjwa mmoja, walipaji wawili. Mama angeniitaje?"

Nilimwambia kwamba Mama angemwita mtu anayehubiri huku chai inapoa. Alicheka, lakini hakuacha. Alinieleza kwamba kila mwaka kiwanda huwapa wastaafu muda wa kuchagua kubaki au kujitoa, na kwamba muda wa mwaka ule ulikuwa ukingoni. Barua ya kujitoa, aliyoiomba kiwandani, ilikuwa tayari imetiwa sahihi, ndani ya bahasha yenye anwani ya kiwanda; kilichobaki ni kuipeleka posta ya haraka. Kaka yangu alikuwa mtu safi, mjukuu wangu. Nimeona watu wengi wakijipenyeza kupokea mara mbili. Yeye alisafiri na bahasha kutoka upande mmoja wa dunia mpaka mwingine ili apokee mara moja tu.

Sikumpinga, kwa kuwa sikuwa na elimu ya bima. Nilimwuliza neno moja.

"Na wifi yangu yumo katika ipi?"

"Yumo kwangu. Nilipo mimi ndipo alipo."

"Umeuliza?"

"Serikali inajua kwamba ni mke wangu. Niulize nini?"

"Yeye mwenyewe anajua kwamba unajitoa?"

Akaniambia kwamba mambo ya karatasi hayamhusu mgonjwa, kwamba atamshtua bure. Nilimwambia asiipeleke ile barua mpaka amwambie mkewe. Aliniitikia kwa ile sauti ambayo kaka mkubwa humwitikia mdogo wake, yaani hakuniitikia.

Asubuhi ya pili tulikwenda Kangle kutazama vitambaa vya mapazia, naye bahasha akaitia katika mfuko wa koti ili arudi kwa njia ya posta. Kijiji kile cha mafundi cherehani kina vichochoro ambamo mkokoteni wa majora ukipita, wewe huna budi kujibanza ukutani. Nilikuwa nikibishana na muuzaji juu ya rangi nilipomwona kaka ameketi juu ya jora la kitambaa, mkono chini ya mbavu, uso umekuwa kama majivu. Alidai kwamba anapumzika. Nilimgusa shingo, nikaona jasho baridi, nikasimamisha teksi.

Mawe ya nyongo. Hospitali ile ilitupokea kwa adabu, na siilaumu. Desturi ya huko ilikuwa mgonjwa aweke amana kwanza, kisha apewe kitanda na mganga wa kumpasua. Kaka alitoa kadi ya serikali yake. Mwanamke wa dirishani aliigeuza mbele na nyuma, akamwonyesha mwenzake, kisha akairudisha chini ya kioo kwa neno ambalo kila mfanyabiashara wa Guangzhou alilijua kabla ya kujua salamu: meiyou, hatuna, hakuna. Alitoa na ya kiwanda. Ikarudi vilevile.

Nilimwita jirani yangu, Mmombasa aliyekuwa akiuza vifungo na zipu pale Tianxiu. Kichina cha sokoni alikijua, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano. Alizitazama zile kadi.

"Mzee, kadi zako zimesoma sana," alisema, "lakini Kichina hazikufika darasani."

Kisha akaeleza atakalofanya. Atazunguka Tianxiu ghorofa kwa ghorofa, kama tulivyofanya kila mmoja wetu alipoanguka, Mtanzania au Mkenya, Mwislamu au Mkristo, na amana itapatikana kabla ya adhuhuri. Kaka, amelala ubavu kwenye benchi la ukumbini, alikataa. Hawezi kula mchango wa watu wanaouza vifungo, alisema, ilhali ana bima mbili.

"Bima zako zote mbili zimelala, mzee. Kwenu saa hizi ni usiku. Sisi tuko macho."

Kaka alifungua kinywa tena. Nilimwambia, "Nyamaza uchangiwe."

Alinyamaza. Lakini jirani alipogeuka kuondoka, kaka aliingiza mkono kotini, akatoa ile bahasha, akamwomba aipitishe posta. Mimi nilikuwa dirishani, mgongo kwao. Baadaye aliniambia kwamba aliogopa kufa akiwa na dhuluma juu yake.

Mchango ulipatikana. Alipasuliwa alasiri ile, akatoka salama, na mimi nilikaa karibu yake nikimlowesha midomo kwa pamba.

Kesho yake alfajiri, kwao ikiwa bado mchana, nilikwenda kibanda cha simu kumpa habari wifi yangu. Wifi kwa wifi hawasalimiani bila kuchokozana. Aliniuliza nimemlisha nini mume wake. Nilimjibu kwamba aliletwa kwangu akiwa tayari na njaa ya miaka. Tulicheka, kisha akalia, kisha akaniambia nipige tena baadaye, kwa kuwa atawauliza watu wa bima za mumewe nini kifanyike. Niliporudi kibandani alikuwa ameuliza kila kitu, maana yeye alikuwa mtu wa kuuliza.

Nayaeleza kama alivyonieleza. Mtu aliyekwisha kustaafu na kutimiza umri, akiugua huko Marekani, bima ya serikali hulipa kwanza sehemu yake. Kisha hesabu hupelekwa kwa bima ya kiwanda, nayo hutazama kilichobaki na kulipa kwa kadiri ya mapatano yake. Hakuna anayelipwa mara mbili. Jeraha ni moja, na kila mmoja hufunga upande wake. Bima ile ya serikali ina sehemu ya hospitali na sehemu ya madaktari, na kiwanda humtaka mstaafu awe nazo zote mbili, kwa maana hakitaziba pengo aliloliacha mwenyewe. Nje ya Marekani ile ya serikali kwa kawaida hailipi chochote, ndiyo maana kadi ilirudishwa. Ya kiwanda, kwa mapatano ya kaka, ingerudisha sehemu ya gharama za dharura hata Guangzhou, mradi stakabadhi zenyewe zipelekwe.

Nilifurahi. Ndipo akashusha sauti.

"Wifi, mbona wameniuliza kama bado tunataka kujitoa? Nani anajitoa?"

Akaendelea. Waliomjibu walimwambia kwamba katika bima ya serikali hamna mke. Kila mtu huingia kwa umri wake au kwa maradhi yake yaliyotajwa katika sheria, na yeye umri ulikuwa bado, na sukari peke yake haikumwingiza. Sindano zake na daktari wake wa macho vilikuwa juu ya bima ya kiwanda, na ndani ya bima hiyo yumo kwa jina la mumewe. Na kwa kanuni ya kiwanda kile, mstaafu akijitoa harudi.

"Hakuna aliyejitoa," nilimwambia. Nilisema hivyo nikiamini kwamba bahasha imo kotini.

Koti lilikuwa tupu. Kaka, akiwa nusu usingizini, aliniambia alipoipeleka. Sikumweleza kitu. Nilitoka, na sijui kama nilipanda basi au nilitembea, mpaka nilipojikuta mbele ya duka la vifungo. Nilimwuliza jirani kama amekwisha kwenda posta. Alijishika kichwa, akaomba radhi kwa heshima zote. Siku nzima ya jana alikuwa akipanda na kushuka ngazi kumchangia mzee, na posta ilipomjia akilini ilikuwa imefungwa. Alikusudia kwenda jioni hii. Akavuta bahasha kutoka chini ya sanduku la zipu. Mwanamume yule alingoja nimgombeze. Nilimshika mkono, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo, kisha bahasha nikaifunga katika fundo la kanga.

Nilirudi hospitali, nikangoja kaka aamke barabara, nikamweleza yote kama nilivyoyapokea.

"Macho yake," alisema. "Ningeyatoa macho yake ili mimi niwe safi."

Sikumwongezea uchungu. Nilimwambia kwamba Mama alikataza kula mara mbili, hakukataza kusaidiwa kwa zamu. Kwetu, mtu akifa, watoto wake walitoa kwanza, kisha chama kikajaza palipopungua. Hakuna aliyewaita wale watoto wezi. Na nilimkumbusha sheria ya pili. Aliikariri mwenyewe, polepole, neno kwa neno, kwa sauti ya Kipemba ya Mama, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama.

Kisha akaniuliza, "Ile bahasha unayo?"

Nilifungua fundo la kanga. Akaniambia nitoe barua, bahasha niiache. Siku ya kuruhusiwa tulipewa stakabadhi za hospitali zenye mhuri mwekundu, nami, nisiyejua kusoma hata moja, nilizilinda kama mtoto mchanga mpaka zilipoingia zote katika bahasha ileile, kwa anwani ileile. Jirani ndiye aliyezipeleka posta, na safari hii alinionyesha risiti kabla sijamwuliza.

Kiwanda kilirudisha kiasi kikubwa, si chote. Kaka alitaka kuwarudishia waliochanga. Wakamwambia kiwekwe kwa atakayefuata kuanguka, na wakanitwika mimi kukishika. Mapazia hakuyanunua tena. Nyumba ya Tanga ilikaa na kanga madirishani. Wifi yangu alibaki katika bima ya kiwanda mpaka umri wake ulipotimia na yeye akapata kadi yake mwenyewe. Kaka ametangulia, Mungu amrehemu. Wifi bado anaona; mwezi uliopita alinitania kwa simu kwamba nimenenepa, kwa picha uliyompelekea wewe bila kuniuliza.

Sasa sikiliza cha kuweka. Kadi zake zilibaki kwa mkewe, usizitafute. Ile barua ya kujitoa, yenye sahihi yake, imo sandukuni mwangu chini ya kanga za Mama. Usiichome na usimwonyeshe wifi. Iweke na karatasi zako za kazi, kwa kuwa wewe pia una bima sasa, na mke, na mtoto njiani. Utakapotaka kujitoa katika jambo lolote, itoe kwanza, uitazame ile sahihi iliyoandikwa kwa moyo mweupe, kisha uwaulize waliomo kwa jina lako. Waulize wenyewe, wakiwa wanakusikia.

Utani wa wifi usiufute. Haya, nisomee tangu mwanzo.