Bunduki Iliyochaguliwa kwa Sikio

Wewe unayesoma, ungewekewa bunduki mbili mezani uchague moja ya kulengea shabaha, ungeanza kutazama nini? Mtutu? Kitako? Bei? Saquina Aiuba angekungoja umalize kutazama, halafu angekuambia ugeuke, uelekee ukutani, ufumbe macho.

"Kwanza isikie," anasema. "Kuiona utaiona tu."

Ni saa moja kasoro asubuhi hapa Quitunda, kijiji kilicho karibu na mji wa Palma, na Saquina, mwanamke wa miaka hamsini na sita, anatundika makopa. Kila kipande cha muhogo mkavu, ukubwa wa kidole gumba, anakitoboa kwa msumari, anapitisha uzi wa kushonea nyavu, anakifunga kwenye kamba iliyovutwa mbele ya viroba vya mchanga. Vipande kumi na viwili. Kisha anarudi nyuma hatua nane, anaweka meza, anaitandika kapulana, kitenge cha njano, ili kiwiko cha mpigaji kisiteleze. Anaweka kiti cha mteja. Kingine anakalia mwenyewe.

Mteja hayupo. Jogoo wa jirani anapita chini ya kamba, anainua shingo.

"Huyu ndiye wangu wa kila siku," anasema Saquina. "Anajua yakivunjika yatamdondokea."

Leo shefe wa bairo, yaani kiongozi wa mtaa, mzee Jamaldine, anakuja kusikiliza mlio wa bunduki. Neno lake limeshajulikana: jirani wa karibu akikataa, kibanda hiki cha shabaha kinafungwa moja kwa moja. Na jirani wa karibu ni mmoja tu, Judite, mwenye banda la maandazi ng'ambo ya njia. Judite hajamsemesha Saquina kwa miezi miwili.

Kazi yenyewe si ngeni. Kwa miaka kumi na tisa Saquina na mumewe, Cassamo, walikuwa na kibanda cha shabaha cha bunduki ya upepo, isiyotumia baruti. Unaikunja katikati, springi inajikaza, unatia punje ya chumbo, ndiyo risasi yake, kwa kidole, unafunga. Chumbo kimoja metikali tano. Ukiangusha shabaha tatu mfululizo, kipande cha sabuni. Ukiangusha sita, paketi ya biskuti.

"Yeye alikuwa mdomo, mimi kidole," anasema, akionyesha gumba lake la kulia lenye sugu nyeusi pembeni. Cassamo aliita watu na kuwatania waliokosa. Saquina alitia chumbo, akamkabidhi mteja, akapokea, akatia tena.

Siku yao kubwa ilikuwa Idi pili. Mpaka alasiri, wanaume hawakuruhusiwa kugusa bunduki. Wanawake walikuja na nguo zao mpya, hina haijafifia mikononi, wakapiga huku waume zao wamesimama nyuma wakiwashikia mikoba na watoto. Siku hiyo moja iliweza kuingiza metikali elfu moja na mia tano. Siku za kawaida ziliingiza hela ya mchele na sabuni.

Machi 2021 springi ilikatika. Cassamo akaiweka bunduki begani asubuhi, akaenda kwa fundi mjini Palma. Alasiri ile mji ukashambuliwa.

"Mtu ana kitu kama kile begani, siku kama ile," anasema Saquina. Anachukua ufagio, anafagia mahali alipokwisha kufagia.

Hakuna aliyekuja na habari, wala hakuna kaburi. Nyumba ina vyumba viwili. Kimoja analala, kingine amekifunga. Jioni akipima mchele, bado anachota kopo la pili, halafu analirudisha gunini.

Alipotulia baada ya kukimbia na kurudi, aliuza chumvi na dagaa wakavu kwa miaka mitatu, akidunduliza hela ya bunduki nyingine. Watu walimuuliza kwa nini atafute bunduki, katika vitu vyote vya duniani.

"Chumvi mtu anapima, analipa, anakwenda zake," anajibu. "Kwenye shabaha mtu anakaa. Akikosa, anakaa zaidi."

Polisi wakampa karatasi ya kibali yenye muhuri, kwa sharti kwamba kila jioni bunduki ilale kituoni. Akasafiri hadi Pemba, kwenye duka la Germano, muuza vifaa vya uvuvi na uwindaji. Hakuwahi kuchagua bunduki. Ya zamani aliinunua Cassamo.

Germano alianza kwa kumtolea bunduki ya baruti, ya risasi ndogo kabisa.

"Hii ni ya ishirini na mbili, mama. Haipigi bega. Hata bibi harusi anaiweza."

"Risasi yake moja ni bei gani?"

Germano akamtajia. Saquina akapiga hesabu: kwa bei ile angepata punje kumi za bunduki ya upepo, na leseni yake ni nyingine, ndefu kama safari aliyotoka.

"Basi hiyo irudishe ikalale."

Zikabaki za upepo. Nene, ya punje ya milimita tano na nusu, na nyembamba, ya nne na nusu. Germano akaisifia nene, kwamba inaangusha kopo kwa mita thelathini. Wakaijaribu uani. Upande mmoja palikuwa na gereji inayogonga vyuma, upande wa pili mashine ya kusaga. Kopo likaruka, Saquina akafurahi, akalipa. Njia nzima ya kurudi alifika kwenye kila kizuizi cha askari ameshika karatasi mkononi tangu mbali, kabla hajaulizwa.

Siku ya kufungua alipanga makopo matupu ya maziwa, kama enzi za Cassamo. Mteja wa kwanza akawa Bachir, mwendesha pikipiki za abiria, mtu wa mzaha. Akalenga, akavuta.

Ule mlio hata sasa Saquina hapendi kuuigiza. Bunduki ikapasua hewa, kopo likaitikia. Muda wa kuhesabu mpaka kumi, njia ilikuwa tupu. Nyuma ya kila mlango wa Quitunda kuna mfuko wa plastiki wenye vitambulisho na kadi za watoto, na kila mwanamke alipita amekwishauvaa shingoni. Kandambili zikabaki barabarani. Ndoo ikabaki bombani, ikajaa, ikamwagika.

"Kilichoniumiza ni kwamba hakuna aliyepiga kelele," anasema. "Walikimbia kimya, kama watu wanaokwenda kazini."

Judite alikimbia akaacha mafuta motoni. Yakawaka, yakashika makuti, banda lake la maandazi likaisha. Alirudi jioni kutoka mashambani, miguu imechanika kwa miiba, akasimama mbele ya majivu.

Kabla ya hapo walikuwa watani. Judite, Mmakonde wa kutoka Mueda, milimani kwenye shida ya maji, Mkristo, alizoea kupaza sauti kila asubuhi: "Nyie wa pwani, mmeamka au mnangoja samaki wawaamshe?" Na Saquina kumjibu: "Kanawe uso kwanza, mtu wa milimani, maji huku hayauzwi!" Baada ya moto, hata hilo likanyamaza.

Saquina alikata miti ya banda jipya mwenyewe, akaiegemeza ukutani kwa jirani alfajiri. Judite akaijenga bila kusema ahsante, bila kusema sitaki.

"Angenitukana ningeshukuru," anasema Saquina.

Akarudi Pemba na bunduki nene gunini.

"Ina kasoro, mama?" Germano akauliza.

"Haina. Mwenye kasoro ni mimi. Funga mlango. Zima na hilo feni."

Akageuza kiti, akaelekea ukutani, akafumba macho. Germano, akicheka na kutikisa kichwa, akawa anazipiga bunduki moja moja kwenye gunia la matambara. Ya kwanza ililia kama mlango uliobamizwa na upepo. Ya pili kama tawi kavu linalokatwa kwa goti. Ya tatu ikatoa mlio mfupi wa chini, kama mtu anayefunga sanduku la nguo.

"Hiyo."

"Hii? Hii imeshatumika, mama. Nyembamba, springi imechoka. Ikizidi sana mita kumi na tano."

"Mimi nina hatua nane tu."

Germano alinung'unika, lakini akabadilisha, akaongeza na kopo la punje mia tano. Kurudi Quitunda, Saquina akayatupa makopo ya maziwa. Alijaribu kutundika vifuu, vikagonga. Akajaribu chaki, ghali. Makopa yakapasuka kimya, na muhogo anaulima mwenyewe.

Saa tatu asubuhi mzee Jamaldine anafika na mwavuli wake. Nyuma yake anakuja Judite, kigoda mkononi, mfuko wa vyeti shingoni. Anaweka kigoda kati ya njia, anakaa, anakipa kibanda mgongo. Kwenye banda lake sufuria ya mafuta iko jikoni.

"Judite," anasema mzee, "sikiliza, halafu uniambie ukweli wako. Usimwonee mtu haya."

Saquina anatia chumbo. Punje inamponyoka, anaokota nyingine. Anamkabidhi Bachir, aliyevaa kofia yake ya pikipiki, na leo hacheki. Anaweka kiwiko kwenye kapulana. Kipande cha tatu kutoka kushoto kinatoweka kwenye uzi. Jogoo anakimbilia. Bachir anapokea tena, anapiga cha nne.

Judite bado amekaa, mabega juu, mikono imeshika mfuko.

"Mbona hampigi?" anauliza bila kugeuka. "Nina mafuta motoni mie."

"Nimeshapiga, mama," anasema Bachir. "Mara mbili."

"Muongo wewe."

"Muulize jogoo wako. Ndiyo kwanza anakula."

Judite anageuka. Anahesabu makopa kwenye kamba kwa kidole: kumi. Anamtazama jogoo. Polepole anavua ule mfuko shingoni, anauweka mapajani, anaulaza.

"Watu wa pwani," anasema, "hata bunduki yenu inanong'ona kama wambea!"

Saquina anataka kujibu utani. Anavuta pembe ya mtandio, anajifuta uso.

"Basi, Judite?" anauliza mzee Jamaldine. "Unasemaje?"

"Sina neno. Iwepo."

Idi ni wiki tano kutoka sasa. Saquina anataka kurudisha Idi pili ya wanawake, na safari hii, anasema, wa milimani nao waje, Idi si yao lakini sabuni ni ya wote.

Mzee anafunga mwavuli, anaondoka. Judite anatia kigoda kwapani, anapiga hatua mbili kuelekea bandani kwake, anasimama.

"Halafu wewe, mbona umempa huyu wa pikipiki? Ungepiga mwenyewe."

"Mimi sijui."

"Hujui nini? Si ndiyo kazi yako?"

"Sijawahi kupiga."

"Hata mara moja? Miaka yote ile na Cassamo?"

"Alikuwa akisema Idi ijayo. Wateja walikuwa wengi."

Bachir anavua kofia. Judite anarudi, anaweka kigoda chini karibu na meza, safari hii akielekea shabaha.

"Na wewe ulikuwa unataka?"

Saquina anaitazama bunduki mezani. Anapitisha kidole chenye sugu kwenye kitako chake kilichochubuka.

"Nilitaka," anasema. "Nataka mtu anitilie chumbo. Anikabidhi mkononi, aniambie, karibu bi Saquina, kaa. Na nikikosa, asiondoke."